Kwenda Maneromango Kutafuta Jina la Mchongaji

Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, mchongaji Auguste Rodin aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi zake zote: sanamu, michoro, plasta, hata vitu vya kale alivyovikusanya maishani. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba jumba alilokuwa akipanga jijini Paris, Hôtel Biron, liwe makumbusho yake. Mwaka uliofuata akafariki, na mwaka 1919 milango ikafunguliwa kwa watu wote. Wafaransa wakaipenda desturi hiyo. Antoine Bourdelle, aliyewahi kuwa msaidizi wa Rodin, akapata nyumba yake mwaka 1949. Camille Claudel, aliyemaliza miaka 30 ya mwisho ya uhai wake akiwa amefungiwa hospitali za wagonjwa wa akili, akangoja mpaka 2017 ndipo mji mdogo wa Nogent-sur-Seine ukamfungulia ya kwake. Mtu mmoja, nyumba moja, jina juu ya mlango.

Nikawa najiuliza: Uzaramo ungeamua kumjengea mchongaji wake mmoja nyumba ya namna hiyo, ungemchagua nani? Swali si la mzaha. Sanamu za Wazaramo zimo Berlin na katika majumba mengine ya Ulaya na Marekani, zimewekewa taa na vioo, na wanunuzi hupigania bei zake minadani. Chini ya kila moja pameandikwa kabila. Basi. Kabila halishiki tezo. Aliyeshika tezo alikuwa mtu, mwenye kijiji na mama mkwe, na pengine na madeni. Nimeifuata njia ya zamani, kutoka Mto Ruvu upande wa Kibaha hadi Maneromango ndani ya Kisarawe, nione ni wapi jina lake lilipodondokea.

Naanzia Ruvu kwa kuwa ndiko maandishi ya wageni yanakoanzia. Leo msafiri wa barabara ya Morogoro huupita mto huu baada ya Mlandizi bila hata kugeuza shingo. Malori yanamshughulisha zaidi. Mtambo wa Ruvu Juu unavuta maji yake kwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam, na reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024, ina vituo vyake Soga na Ruvu. Karne ya 19 wasafiri waliuita mto huu Kingani, na bonde lake ndilo lililokuwa mlango wa kuingilia bara kwa misafara iliyotoka Kaole na Bagamoyo. Wenye mlango walikuwa Wazaramo. Walitoza hongo, na asiyetoa alijua kilichokuwa kikimsubiri mbele.

Mmoja aliyekijua ni Mfaransa. Maizan, afisa kijana wa jeshi la majini, aliingia bonde hili mwaka 1845 akitaka kufika kwenye maziwa makuu, akauawa mahali palipoitwa Dege la Mhora kwa amri ya mkuu wa hapo, Mazungera. Serikali ya Zanzibar ikatuma askari. Mazungera hakupatikana, aliyepatikana ni mpiga ngoma wake, na ndiye aliyefungwa minyororo Unguja kwa kosa la bwana wake. Miaka 12 baadaye, 1857, Richard Burton na John Speke wakapita njia hiyohiyo, na Burton akakiandika kisa chote. Nimekisoma nikaona jambo moja la ajabu: jina la Mazungera limedumu kwa sababu alimuua Mzungu. La mpiga ngoma halimo. Wala la fundi aliyechonga chochote katika vijiji walivyovipita.

Na kuchonga kulikuwepo, Burton mwenyewe ni shahidi. Aliyaeleza makaburi ya wakubwa wa Wazaramo: uzio mfupi wa miti uliozunguka mstatili, majani yamefyekwa ndani, na nguzo mbili zimesimamishwa, moja kichwani na moja miguuni. Aliona kwamba yalifuata mfano wa makaburi ya pwani. Hapo hakukosea. Aliyewahi kutembelea Kaole au Kunduchi ameona nguzo za mawe juu ya makaburi ya Waswahili. Bara kidogo, ambako hakuna mawe ya matumbawe, mti ulifanya kazi ya jiwe. Ila Wazaramo waliongeza jambo ambalo watu wa misikiti ya pwani wasingelithubutu. Nguzo nyingine waliichonga juu yake kichwa na kiwiliwili cha mtu. Mzee aliyelala chini alipata wa kumsimamia juu.

Sasa hivi ukitafuta nguzo hizo Kibaha utapata nguzo za umeme. Mji umekua kwa kasi toka ulipofanywa makao ya Mkoa wa Pwani, na kuanzia Maili Moja mpaka Picha ya Ndege ni maduka ya mabati na vituo vya mafuta. Lakini kuna jambo la Kibaha lisiloachika. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha hapa mradi wao wa pamoja Tanganyika: shule ya sekondari, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania, na ndilo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Miaka hiyohiyo, nje kabisa ya mradi huo, mwanamke mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikuwa akiishi Bunju, kijiji cha Wazaramo kaskazini mwa Dar es Salaam, akiwasikiliza wanawake. Kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya mila za Wazaramo bado ni cha kwanza kufunguliwa na anayetaka kuielewa sanaa yao, ingawa yeye hakwenda kutafuta sanaa. Alikwenda kutafuta maisha ya wanawake, sanaa akaikuta humo ndani.

Humo ndani ndimo alimokaa mwana hiti. Ni kisanamu cha mti kinachoshikika kwa mkono mmoja. Hakina mikono wala miguu: kiwiliwili cha mviringo, kitovu, matiti madogo, shingo, na kichwa chenye nywele zilizosimama kama vishungi viwili na bonde katikati. Uso umedokezwa tu, wakati mwingine haupo kabisa. Msichana wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na kisanamu hicho akakabidhiwa akitunze kama mtoto: akipake mafuta, akipambe shanga, alale nacho, asikiangushe. Uzembe kwa mwana hiti ulikuwa dalili mbaya kwa uzazi wake mwenyewe. Kwa watu ambao ukoo hufuata kwa mama, hilo halikuwa jambo la msichana peke yake. Tumbo lake lilikuwa mali ya wengi, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Kisha ikaja siku ya mkole, sherehe iliyofanyika chini ya mti wa jina hilo, mwali akafundwa, na hatimaye akatolewa nje kwa ngoma.

Wakwere, Wadoe, Waluguru, Wazigua na Wakaguru nao wanamjua mwana hiti, kila mmoja kwa namna yake, na ndiyo maana wauza sanaa hubishana juu ya kabila la kila kipande. Umbo lenyewe halikukaa chumbani kwa mwali tu. Lilipanda kwenye ncha ya fimbo ya mkubwa, likakaa kwenye kifuniko cha kibuyu cha mganga, likasimama kichwani mwa zeze na juu ya kaburi. Napenda kufikiri kwamba mchongaji wa Kizaramo alikuwa na umbo moja maishani, kama mshairi mwenye bahari moja, na ustadi wake ukapimwa kwa kile alichokifanya ndani ya mipaka hiyo. Ukiviweka visanamu kumi kwa safu, hakuna viwili vilivyotoka mkono mmoja usivitambue. Huyu anapenda shingo ndefu. Huyu vishungi vyake vimekaribiana mno. Yule kitovu amekipa heshima kuliko uso. Wataalamu wa Ulaya hutumia macho ya namna hiyo kumtenga Rodin na mwanafunzi wake. Kwetu wameyatumia kumtenga Mzaramo na Mkwere.

Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe zipo njia za kukatiza, lakini waliozoea hurudi Dar es Salaam, wakapanda tena kwa njia ya Pugu. Mlima si mrefu ila hali ya hewa hubadilika hapohapo, na msitu wa Pugu unakufunika kabla mji haujakuachia vizuri. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, na imenyanyaswa vya kutosha na wachoma mkaa. Wenye kuhiji kwenye siasa husimama Pugu, ambako Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. Mimi sikusimama. Njia yangu ilikuwa ya tezo.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Kisarawe mwaka 1892, na miaka mitatu baadaye wakafungua kituo Maneromango, mwendo mzuri kuelekea kusini-magharibi. Ni rahisi kuwalaumu kwa kila kitu kilichopotea. Kweli walihubiri dhidi ya unyago na dhidi ya waganga, na mwana hiti alikuwa wa wote wawili. Lakini tuwe waadilifu: Uislamu ulikuwa umeshaenea Uzaramo kwa nguvu kuliko Ukristo, nao haukufurahia sura ya mtu juu ya kaburi. Halafu ikaja shule. Mwali aliyekaa ndani miezi na miezi, na zamani hata miaka, akawa na siku chache za likizo, na ndani ya siku chache hakuna nafasi ya kulea mtoto wa mti. Sidhani kama kuna aliyemuua mwana hiti kwa makusudi. Alikosa muda.

Mauaji ya kweli yalikuwa mengine. Serikali ya Wajerumani ililazimisha mashamba ya pamoja ya pamba, majumbe wakatakiwa kutoa watu, malipo yakawa ya kudhihaki. Mwaka 1905 Maji Maji ilipowaka, sehemu za Uzaramo ziliingia, na jumbe Kibasila wa Kisangire, kusini mwa Uzaramo, akanyongwa. Vijana wengi wa Dar es Salaam wanalijua jina lake kama shule ya sekondari. Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea kwa yaliyofanywa na askari wa nchi yake katika vita hivyo. Uzaramo hautajwi sana Maji Maji inapozungumzwa, labda kwa kuwa uko karibu mno na mji kuweza kuonekana wa kishujaa.

Ni katika miaka hiyo vitu vilihama. Mwaka 1889 baraza la dola ya Ujerumani lilikuwa limeamua kwamba vitu vyote vilivyokusanywa na safari zilizogharimiwa na serikali katika makoloni vipelekwe kwanza Berlin. Hivyo makumbusho ya huko yakajaa mpaka stoo: vitu vya kutoka nchi yetu peke yake vinahesabiwa kwa maelfu. Wengine walitoa kwa hiari, wengine waliuza, wengine waliporwa, na daftari halitofautishi sana. Lakini daftari lina safu ya jina. Humo limo jina la ofisa aliyeleta au mmisionari aliyetoa zawadi, na baadaye huongezwa la mfanyabiashara aliyenunua na la tajiri aliyenunua kwake. Kwenye mnada wa leo wa Paris au Brussels, mwana hiti mmoja anaweza kuja na ukoo mzima wa Wazungu waliowahi kummiliki, baba kwa mwana. Mchongaji hayumo katika ukoo huo.

Kuna msemo wa kitaalamu kwamba Mwafrika alichonga kwa ajili ya jamii na hakujali jina. Mimi siuamini, na Maneromango imenizidishia kutouamini.

Barabara ya kwenda huko inapita Masaki na Msanga, kwenye mihogo, mikorosho na miembe. Ni mwendo wa vumbi au matope, kutegemea mwezi. Katika karne ya 20 eneo hili lilipata sifa ya wachongaji waliouzia Wazungu: sanamu za watu kamili, wenye mikono na miguu, wakitwanga, wakipiga ngoma, mganga na mkoba wake, mwali na wasaidizi wake. Wataalamu wengi huzipita kwa haraka, kwamba ni biashara. Ajabu! Rodin naye aliuza, tena sana, wala hakuna anayemfukuza kwenye jumba lake kwa kosa hilo. Katika sanamu hizo za kuuza ndipo majina machache yalipoponea. Salum Chuma ni mojawapo, pengine mchongaji wa Kizaramo anayetajwa kuliko wote, na msomi wetu Fadhili Mshana, aliyeandika kitabu kizima juu ya sanaa ya Wazaramo, amewarudishia wachongaji hadhi ya watu binafsi. Wamakonde walioingia mjini baadaye walikuta soko limeshaanza kuuliza nani amechonga, ndiyo maana George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, anajulikana duniani kwa jina lake. Mzaramo alitangulia sokoni kabla swali hilo halijazaliwa.

Mwenye bodaboda alinishusha kwa mzee mmoja ambaye, kwa maelezo ya dukani, ndiye anayejua makaburi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anachambua mbegu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Watu wa ardhi?"

Nikamwambia siyo, sikuja kupima kiwanja cha mtu. Nilipotaja nguzo za makaburi akacheka. Alipokuwa mdogo, akasema, ziliweko. Nusu zikaliwa na mchwa, nusu na wanunuzi, na kati ya hao wawili mchwa ndio waliokuwa na haya, maana walikuja usiku. Nikamuuliza kama anamkumbuka yeyote aliyekuwa akizichonga. Hakusita hata kidogo. Akanitajia jina la mtu, la baba yake, kijiji alikooa, mti aliopenda kuchongea, na kwamba alikuwa mgumu wa kulipa madeni. Akaongeza la pili, wa ng'ambo ya bonde, ambaye kazi yake aliiona ya haraka haraka. Sitayaandika majina hayo hapa kabla jamaa zao hawajaulizwa, lakini yapo. Hayajawahi kupotea. Hapakutokea aliyeyauliza wakati kitu kinafungwa kwenye sanduku.

Basi nikamsimulia habari za Rodin na sharti lake. Akasikiliza kwa makini, akataka kujua nyumba hiyo ina vyumba vingapi na mlinzi analipwa na nani. Nikamweleza kwamba makumbusho yale kwa sehemu kubwa yanajilipia: Rodin aliwaachia haki ya kumimina shaba kutoka kwenye kalibu zake, na sheria ya Ufaransa inaruhusu nakala 12 tu za kila sanamu zihesabiwe kuwa kazi halisi, nazo huuzwa ghali.

"Wakishamaliza hizo 12?"

"Hawaruhusiwi nyingine, babu."

Akatikisa kichwa. Mti haumiminwi, akasema. Kama nataka nyumba ya namna hiyo Maneromango, ndani yake awepo mtu anayechonga, vinginevyo tutakaa tunalinda kabati. Yeye ana mjukuu mwenye mkono mzuri, kwa sasa anatengeneza vitanda. Nikasema hilo ni wazo zuri. Akasema wazo si tabu, tabu ni gogo: mninga siku hizi haukatwi ovyo, watu wa misitu wanataka karatasi. Akaniuliza, kwa kuwa nimetoka huko, kama kibali cha gogo moja tu kinatolewa hapa wilayani Kisarawe au ni mpaka mtu afunge safari ya Kibaha, mkoani.